Yamaha Pacifica 012: je, gitaa hili linazibeba nyimbo za AC/DC?

Linazibeba. Kwa mtu wa Arusha au Moshi anayetaka kupiga nyimbo za bendi ya rock ya AC/DC na mfuko haumruhusu kununua Gibson SG kama ya mpiga gitaa wao Angus Young, Pacifica 012 ndilo gitaa la umeme la bei ya chini tunaloliamini kuliko mengine yote. Ila likitolewa kwenye boksi na kuchomekwa hivyo hivyo litamwangusha, na mwanafunzi atadhani kosa ni la vidole vyake. Kosa huwa liko kwenye tremolo (daraja linalotikisika ili kupandisha na kushusha noti), kwenye nyuzi, na mara nyingi kwenye ampu iliyofunguliwa geini (kiasi cha kukwaruza) kupita kiasi. Yote haya yanarekebishika nyumbani kwa bisibisi, alenki na rula ya shule.

Tumelipima kwa nyimbo tatu, kwa sababu kila wimbo unabana kiungo tofauti cha gitaa. Highway to Hell (1979) unabana tyuni. Back in Black (1980) unabana kelele na ukimya. Thunderstruck (1990) unabana freti, vile vyuma vilivyolala shingoni, na kimo cha nyuzi. Zote tatu kwenye albamu ziko kwenye tyuni ya kawaida, E A D G B E, kuanzia uzi wa 6 ulio mnene hadi uzi wa 1 ulio mwembamba, kwa hiyo hakuna haja ya kulegeza chochote.

Kwanza gitaa lenyewe. Mwili ni mti wa agathis, shingo ni maple, freti 22, na uzi kutoka nati, pale kichwani, hadi darajani, chuma kinachoshika nyuzi mwilini, una milimita 648. Pikapu, zile sumaku zenye waya zinazonasa sauti ya nyuzi, ziko tatu: mbili nyembamba za koili moja, shingoni na katikati, na moja nene ya koili mbili, hambaka, karibu na daraja. Kuna swichi ya nafasi tano, kitufe cha sauti na kitufe cha toni. Kwa AC/DC swichi inakaa nafasi moja tu, ile ya mwisho upande wa daraja, na haisogei. Malcolm Young, kaka yake Angus aliyekuwa akishika ridhimu ya bendi hadi alipougua (alifariki mwaka 2017), aling'oa pikapu nyingine kwenye Gretsch yake akabakiza ya darajani. Kwa hiyo usione umepoteza kitu kwa kutotumia zile nyingine mbili.

Hambaka ya 012 ina sumaku za seramiki. Sauti yake ina makali ya juu na ni ngumu kidogo kuliko ya SG. Dawa iko mkononi: shusha kitufe cha toni kutoka 10 hadi kati ya 7 na 8. Watu wengi hawakigusi kitufe hicho hata siku moja, halafu wanalalamika gitaa linachoma masikio.

Tuanze na Highway to Hell. Rifu, yaani kipande kinachojirudia, ina kodi tatu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja): A, D yenye F# kwenye besi, na G. Kwa A, uzi wa 5 uko wazi na kidole cha kwanza kinalala freti ya 2 juu ya nyuzi za 4, 3 na 2. Kwa D, kidole cha kati kinakwenda uzi wa 6 freti ya 2 na ncha yake inagusa uzi wa 5 kidogo tu ili unyamaze. Uzi wa 4 wazi. Kidole cha kwanza uzi wa 3 freti ya 2. Kidole cha pete uzi wa 2 freti ya 3. Kwenda G ni kusogeza kidole cha kati freti moja mbele, kwenye uzi wa 6 freti ya 3, na kuinua kidole cha kwanza. Kidole cha pete hakiondoki. Hapo ndipo wanaojifunza kwenye video za haraka wanapokosea: wanaachia kodi nzima na kuijenga upya, na wakifika kasi ya wimbo, midundo kama 116 kwa dakika, mkono unachelewa.

Angalia sasa kilichomo ndani ya kodi hizo mbili. Uzi wa 4 ukiwa wazi ni D. Uzi wa 2 freti ya 3 nao ni D, oktavu moja juu. Noti hizo zinalia pamoja kwenye D na kwenye G, kwa hiyo gitaa likipotoka tyuni hata kidogo utasikia zinapigana, sauti inatetemeka kwa mawimbi. Huwezi kuificha kwa distoshoni, ile sauti ya kukwaruza. Distoshoni inalizidisha tatizo. Ndiyo maana wimbo huu, ambao kila mtu anasema ni rahisi, ni mtihani mgumu kwa gitaa la bei ya chini.

Na Pacifica 012 ikitoka dukani kwa kawaida inashindwa hapo, kwa sababu ya tremolo. Daraja limeshikwa na skrubu sita kwa mbele, na kwa nyuma linavutwa na springi ndani ya mwili. Ukipiga A kwa nguvu baada ya ukimya, daraja linatikisika. Ukivuta uzi mmoja kwenye solo, springi zinanyooka, daraja linainuka, na nyuzi nyingine zote zinashuka. SG nyingi za Angus hazina kitu hiki, daraja lao limekaa. AC/DC hawahitaji tremolo, basi ifunge.

Namna ya kuifunga ni hii. Shusha nyuzi zote kama toni moja, yaani hatua ya freti mbili. Geuza gitaa, fungua kifuniko cha plastiki cha nyuma. Ndani kuna springi, kwa kawaida tatu, zimeshikwa na kipande cha chuma chenye skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao upande wa shingo. Kaza skrubu hizo kwa zamu, mzunguko mmoja huku, mmoja kule, ili kipande kisikae upande. Tyuni tena, kisha litazame daraja kwa ubavu. Likiwa bado limeinuka nyuma, rudia. Likilala kabisa juu ya mwili, ongeza nusu mzunguko. Jaribio la mwisho: vuta uzi wa 3 toni nzima huku jicho liko kwenye daraja. Likiinuka, kaza tena. Halafu toa mkono wa tremolo uuweke kwenye begi.

Kuna waya mwembamba uliochomelewa kwenye kile kipande cha chuma. Ni waya wa athi, unaounganisha nyuzi na mkondo wa ardhi wa gitaa. Usiukate na usiutingishe. Ukikatika gitaa litavuma, na kuurudisha kunahitaji fundi mwenye pasi ya solda yenye joto la kutosha, kwa sababu chuma kile kinanyonya moto na solda inakuwa haishiki.

Anayevuta nyuzi kwa nguvu sana anaweza kuongeza kabari. Seremala yeyote wa mitaa kama Unga Limited au Majengo atakukatia kipande cha mninga kwa dakika mbili ukimpa kipimo. Kinakaa kati ya kile chuma kizito cha tremolo na ukuta wa shimo upande wa mkia wa gitaa, si upande wa springi. Kiingie kwa kubana kidogo bila nyundo.

Bado kuna nati, ile plastiki yenye mifereji sita pale nyuzi zinapotoka kichwani. Ukisikia "ting" wakati wa kutyuni, uzi unakwama mferejini: unazungusha kitufe, noti haipandi, halafu inaruka ghafla. Toa uzi kwenye mfereji, pitisha ncha ya penseli ya 2B mara kadhaa, rudisha. Unga wa penseli unatosha. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi, yanashika vumbi, na vumbi la Arusha wakati wa kiangazi halihitaji msaada.

Kuhusu nyuzi. Gitaa linakuja na seti ya unene wa inchi .009 hadi .042. Angus mwenyewe anajulikana kwa nyuzi nyembamba, lakini kumbuka SG ina urefu wa milimita kama 628. Uzi ule ule kwenye milimita 648 unakazwa kama asilimia 6 zaidi kufikia noti ile ile, kwa hiyo .009 kwenye Pacifica si laini kama ya kwake. Hata hivyo tunashauri kuhamia .010 hadi .046 kwa atakayepiga ridhimu. Mkono wa kulia wa anayeanza ni mzito, na uzi mwembamba ukipigwa kwa nguvu unapanda juu ya noti kwanza kisha unarudi. Kodi inaanza ikiwa imepotoka. Malcolm alitumia nyuzi nzito sana, na sehemu ya ule uthabiti wa ridhimu yake inatoka huko. Ukibadilisha unene, springi utazikaza tena, na shingo utaiangalia upya, tutafika huko.

Uzi uzungushe kwenye kitufe cha kutyuni mara mbili au tatu, kuelekea chini, bila kupandana. Kisha uvute kwa mkono kutoka kwenye ubao wa freti, tyuni, vuta, tyuni, mpaka ukivuta haushuki. Asiyefanya hivi atatyuni kila baada ya ubeti na kulilaumu gitaa.

Back in Black ni suala lingine kabisa. Bendi iliirekodi albamu hiyo Nassau, Bahamas, mwaka 1980, miezi michache baada ya mwimbaji wao Bon Scott kufariki, Brian Johnson akiwa ameshika kipaza sauti cha bendi hiyo kwa mara ya kwanza. Rifu: E mara moja, D mara tatu, A mara tatu, kisha noti chache za pentatoniki ya E maina (skeli ya noti tano) zikishuka kwenye nyuzi tatu nyembamba, kati ya freti ya 3, ya 2 na nyuzi wazi. Kodi ni zile za wazi zinazofundishwa siku ya kwanza. Kasi ni kama 94. Mtu yeyote anaweza kuzishika baada ya wiki. Kinachowashinda wengi ni ukimya uliopo katikati. Baada ya E pana nafasi tupu. Baada ya D, nafasi tupu. Nafasi hizo lazima ziwe safi, zikatike, kwa sababu ngoma na gitaa zinapishana ndani yake.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu wapiga gitaa wa kwaya, maana Arusha na Moshi wengi wanaohamia rock wametoka huko. Mpiga solo wa kwaya aliyelelewa na sebene ana mali kubwa: kidole chepesi, piki (kiplastiki cha kupigia nyuzi) inayokwenda juu na chini bila kufikiri, na masikio yanayokamata kodi mara moja. Lakini amezoea noti ziendelee kutiririka; kwake ukimya ni shimo la kujazwa. AC/DC ni kinyume. Ajifunze kuzima kwa mikono yote miwili: mkono wa kushoto unalegea bila kuachana na nyuzi, na upande wa kiganja cha kulia unashuka juu ya nyuzi karibu na daraja kwa wakati huo huo. Mkono mmoja hautoshi, kwa sababu kodi za E na D zina nyuzi wazi ambazo vidole vya kushoto havizigusi. Zoezi zuri ni kupiga E, kuhesabu moja hadi nne, na kuizima kwenye mbili kamili. Kama unasikia hata uzi mmoja unalia baada ya mbili, bado.

Ukimya huo ndio unaolipima gitaa. Ukiweka swichi kwenye pikapu za koili moja, nafasi zote tupu zinajaa mvumo wa umeme. Kwenye hambaka mvumo unapungua sana, kwa sababu koili zake mbili zimezungushwa kinyume na zinafutana kelele. Pacifica 012 hapa inafaulu vizuri, tena kuliko magitaa mengi ya bei yake. Ikiwa inavuma hata kwenye hambaka, gusa nyuzi kwa mkono. Mvumo ukipungua, waya wa athi ndani ya gitaa ni mzima na shida iko nje: waya mbovu wa jeki, taa za tyubu, chaja ya simu karibu na ampu, au nyumba ambayo athi yake haikufungwa vizuri. Mvumo usipobadilika ukigusa, fungua kifuniko cha nyuma uangalie ule waya tuliousema.

Nyumba isiyo na athi si ya kuchezea. Kama midomo inapigwa shoti ukigusa maiki huku umeshika nyuzi, zima kila kitu, umwite fundi umeme. Na kamwe usikate pini ya athi kwenye plagi ya ampu ili kupunguza mvumo. Pini hiyo ndiyo inayokulinda.

Geini sasa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote kwa wanaozipenda nyimbo hizi. Wanasikia nguvu, wanafungua geini hadi 10, na kodi ya D inakuwa uji. Magitaa ya AC/DC kwenye rekodi hayana distoshoni nyingi. Ni ampu za Marshall zilizofunguliwa sauti mpaka zinaanza kukwaruza, na nguvu inatoka kwa magitaa mawili yanayopiga pamoja na mkono mzito. Kwenye ampu ndogo anza na geini 4, besi 5, mid 7, trebo 6, rivabu (mwangwi) sifuri. Piga kodi ya D polepole, uzi kwa uzi. Kama huwezi kuzitofautisha noti zake, shusha geini. Ukitaka kupunguza ukali kwenye ubeti, usiende kwenye ampu. Shusha kitufe cha sauti cha gitaa hadi 6 au 7, kisha kwenye kiitikio kirudishe 10. Kitufe cha 012 kinafanya kazi hiyo kwa heshima, ingawa makali ya juu yanapotea kidogo ukishuka chini ya 5.

Kama unachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisani kupitia pedali ya distoshoni, sauti itakuwa kama nyuki ndani ya kopo. Spika za gitaa zinakata sauti za juu sana, spika za mikisa hazikati. Hapo unahitaji kifaa au programu inayoiga spika ya gitaa, au maiki mbele ya ampu. Maiki mbele ya ampu ndiyo njia rahisi na haijawahi kupitwa na wakati.

Ampu tunayoipendekeza kwa chumba cha kawaida ni Boss Katana Mini: wati 7, inakula betri sita za AA, ina tundu la kuingizia muziki wa simu na tundu la hedifoni. TANESCO wakikata, mazoezi yanaendelea. Weka kwenye Crunch, chaguo lake la kukwaruza kiasi. Adapta yake ni ya volti 9 na hasi iko katikati ya plagi. Adapta nyingi za mitaani zina chanya katikati, kwa hiyo soma mchoro kabla ya kuchomeka.

Anayenunua ampu ya mtumba awe makini zaidi. Ampu zilizotoka Marekani ni za volti 120, za Japani ni 100, na ukutani kwetu ni 230. Soma lebo ya nyuma, usimwamini muuzaji anayesema "inawaka vizuri tu kaka." Ukiichomeka bila transfoma ya kushushia, ukibahatika inaungua fyuzi, usipobahatika inaungua transfoma ya ndani, na kuisuka upya kunaweza kufika bei ya ampu. Transfoma ya kushushia iwe na wati mara mbili au zaidi ya zinazoandikwa kwenye lebo ya matumizi.

Thunderstruck ndio wimbo unaowafanya watu wanunue gitaa la umeme, na ndio unaofichua ubora wa freti. Mwanzo wote uko kwenye uzi mmoja, uzi wa 2, huku B wazi ikirudi kati ya kila noti: wazi na freti ya 4, wazi na ya 7, kisha wazi na ya 5, wazi na ya 8. Baadaye mkono unapanda freti ya 12 na kushuka. Kasi ni kama 134 na noti nne kwa kila mdundo, yaani karibu noti tisa kwa sekunde. Kuna wanaovua kidole tu kwenye noti ya wazi bila kuipiga. Kwa gitaa hili na geini ya chiniachini tunashauri kila noti ipigwe kwa piki, chini, juu, chini, juu. Ukivua, B ya wazi inatoka dhaifu na mdundo unachechemea. Piki iwe ngumu, milimita 1 au karibu na hapo, na ncha iliyochomoza kwenye vidole iwe fupi. Piki ikizama ndani ya uzi haiwezi kutoka kwa wakati, na hiyo ndiyo sababu wengi wanakwama wakikaribia kasi ya 110.

Anza na 70 kwenye metronomu ya simu. Ukiweza kurudia kipande mara nne mfululizo bila kugusa uzi wa 1 wala wa 3, ongeza 4. Mkono ukikakamaa begani, simama. Kasi inayojengwa kwa msuli ulioganda haiendi mbali. YouTube ina kitufe cha kupunguza kasi hadi 0.75 na 0.5 na noti hazishuki, basi tumia rekodi yenyewe kuliko video za wafundishaji wenye haraka. Na dokezo moja lenye thamani kubwa: magitaa mawili ya AC/DC yamegawanywa, moja sikio la kushoto, jingine la kulia. Vaa hedifoni, toa upande mmoja, utalisikia gitaa moja bila jingine. Utashangaa jinsi kila mmoja wao anavyopiga kidogo.

Kwa wimbo huu nyuzi zikiwa juu sana, kidole kinachoka kabla ya ngoma kuingia. Zikiwa chini sana, B wazi inagonga freti. Pima kwa rula kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: milimita 1.5 upande wa uzi wa 1, na 2 upande wa uzi wa 6. Pungufu ya hapo haifai kwa mkono mzito wa rock. Kabla ya kugusa skrubu za darajani, angalia shingo: bana uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya mwisho kabla ya mwili, kisha tazama nafasi kwenye freti ya 7. Karatasi mbili za A4 za kawaida zipite, ya tatu ianze kugusa. Nafasi ikiwa kubwa, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki inayoingia bila kucheza, robo mzunguko kwa mwelekeo wa saa, halafu uache hadi kesho yake. Ikigoma, usilazimishe, mpelekee fundi.

Hapa hali ya hewa yetu inaingia. Magitaa mengi yanapandishwa kutoka Dar kwa basi: yametoka kwenye unyevu wa bahari, yanafika Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa kavu ya Septemba au Januari. Mbao zinasinyaa. Shingo inabadilika, na ncha za freti, ambazo ni chuma na hazisinyai, zinatokeza pembeni na kukwaruza kiganja. Liache gitaa ndani ya begi lake siku mbili tatu kabla ya kurekebisha chochote, na wakati wa safari nyuzi zishushwe nusu toni hadi toni moja, si kulegezwa kabisa. Masika mambo yanageuka: mbao zinanyonya unyevu, nyuzi zinainuka. Moshi, iliyo chini ya mita 1,000 na yenye joto, kinachosumbua zaidi ni jasho kwenye nyuzi. Futa kila baada ya kupiga. Na popote ulipo, usiliache gitaa kwenye gari lililofungwa juani.

Dukani, kabla ya kulipa, omba lichomekwe kwenye ampu. Piga uzi wa 2 freti kwa freti kutoka ya kwanza hadi ya 22, polepole. Noti ikifa au ikigonga mahali pamoja, freti ya mbele yake kuelekea daraja imeinuka, omba jingine. Kisha gusa uzi freti ya 12 bila kuubana ili utoe ile noti ya kengele, halafu bana pale pale, uzilinganishe kwa tyuna ya simu. Iliyobanwa ikiwa juu, kitandiko cha uzi huo darajani kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Hiyo si sababu ya kuliacha, ni kazi ya bisibisi. Zungusha vitufe vyote: vikikwaruza kwenye gitaa jipya, ni vumbi, na spreyi ya kusafishia umeme wanayotumia mafundi redio inamaliza. Bei ikishakubaliwa, dai waya wa jeki na seti ya nyuzi za .010 ndani yake. Wauzaji wengi wanakubali hapo kuliko kupunguza fedha.

Utaonyeshwa pia kopi za SG zisizo na jina, nyekundu, zenye pembe mbili kama la Angus. Zinavutia macho, lakini umbo la SG lina kichwa kizito, na kwenye kopi za bei ndogo shingo inaanguka mkono wako ukiiachia. Unapiga huku unalibeba. Freti zake mara nyingi hazikusuguliwa. Kati ya hiyo na Pacifica 012, chukua Pacifica. Pacifica 112V ni bora kuliko 012, ina mwili wa alder na sumaku za alniko, pamoja na uwezo wa kugawa hambaka, jambo ambalo AC/DC hawalihitaji. Kama fedha ya 112V ipo ila ampu bado, nunua 012 na tofauti uiweke kwenye ampu. Utaisikia tofauti hiyo kila siku.

Asiyefaa kulinunua ni yule ambaye nyimbo anazozipenda zinaishi kwa tremolo, za kuzamisha noti na kuzirudisha. Gitaa hili halirudi kwenye tyuni baada ya mbio hizo. Kwa aliyebaki na AC/DC, nunua nyuzi mbili tatu za .010 za peke yake pamoja na seti kamili: uzi wa 1 ndio unaokatika kwanza, na seti nzima kwa uzi mmoja ni hasara. Ukikatika darajani kila mara, pitisha msasa laini kwenye kitandiko chake. Kuna ukali wa chuma hapo unaoukata.